Bahati ya Fundi Pindo

Mtaa ule haukuwa na kawaida ya kukubaliana. Watu waligombana juu ya mtaro, juu ya jogoo wa jirani anayewika saa zisizo zake, juu ya nani alianza kupaka ukuta rangi ya kijani na nani aliiga. Lakini jambo moja waliliafiki wote, wakubwa kwa wadogo: Fundi Pindo alijaliwa mume.

Na mume huyo hakuwa wa kusimuliwa, alikuwa wa kuonekana kwa macho. Kila siku ya kazi, saa mbili kasorobo asubuhi, alishuka na mkewe barabara ya maduka, mkono mmoja umebeba mfuko wa mke, mkono wa pili umeshika mwavuli mweusi. Jua, mwavuli. Mvua, mwavuli. Kukiwa hakuna jua wala mvua, mwavuli vilevile, maana huwezi kujua. Alimfikisha hadi kizingiti cha duka la ushonaji, akamkabidhi mfuko, akasubiri mpaka ameketi kwenye cherehani yake, ya tatu kutoka dirishani, ndipo akaenda zake. Saa kumi na moja jioni alikuwa amesimama pale pale kama aliyepandwa. Watu wakamwita Bwana Mwavuli, naye jina likamkaa vizuri.

Kazi yake ilikuwa kusoma mita za maji nyumba kwa nyumba, kwa hiyo hakukuwa na uchochoro asioujua wala mlango usiomjua yeye. Hakunywa. Hakutukana. Wazee alisimama kuwasalimu, na watoto aliwauliza saba mara nane ni ngapi. Wanawake wakimwona anapita na mkewe walivutana nguo.

"Jamani, Mungu akupe nini tena?"

"Wangu mimi nikinyeshewa anasema nimejitakia."

"Wako wewe hata ukizimia mlangoni atakuruka, awahi mpira."

Fundi Pindo akisikia hayo alitabasamu, akateremsha macho. Jina lake lilitokana na mkono wake. Aliingia dukani kwa Bi Mkasi akiwa msichana wa miaka kumi na sita, ana cheti cha darasa la saba na kiatu kilichopasuka, na Bi Mkasi akamweka kwenye mapindo, kwa sababu pindo ndiyo kazi inayomtambulisha mvivu mapema. Hakutambulika. Pindo lake ungelitafuta uzi kwa miwani usiuone. Mapazia ya ofisi za wakubwa alipinda yeye, na wakubwa wakadhani yamezaliwa hivyo.

Ndoa ilikuwa na miaka tisa na binti wa miaka saba. Mwaka wa kwanza Bwana Mwavuli aliona kwaya inamchosha mkewe, mke akaiacha kwaya. Mwaka wa pili alisema mume na mke ni mwili mmoja, na mwili mmoja hauna siri, basi simu ya mke ikawa inasomwa kila jioni kama gazeti. Baadaye ikawa kwa dada zake haendi mpaka mume apate nafasi ya kwenda naye, na nafasi ikawa ngumu kupatikana. Kila kitu kilipoondoka kiliondoka kwa upole, kama mtu anayekuvua viatu ili usichafue zulia. Mwisho unajikuta peku katikati ya njia na hukumbuki nani alikuvua.

Kuna siku alicheka na mteja, baba mmoja aliyetaka suruali yake ipanuliwe kwa sababu ya wali wa mkewe. Bwana Mwavuli aliuona ule mcheko akiwa ng'ambo ya barabara, kwenye mita ya duka la dawa. Jioni, nyumbani, alimshika mkewe mkono kwa utaratibu, akamkunja kidole cha shahada kuelekea nyuma mpaka kikalia. Kisha akampeleka zahanati yeye mwenyewe, akamwambia mganga ni mlango uliojifunga, akamrudisha kwa miguu huku ameubeba ule mkono kama yai. Mtaa ulisimama kumwangalia. "Ona huruma ile," wakasema. Dukani Fundi Pindo alisema ni pasi.

Siku nyingine Bwana Mwavuli alikuwa na homa, hakuweza kumsindikiza. Fundi Pindo akarudi mbio peke yake ili mgonjwa asisubiri, akafika dakika kumi kabla ya saa yake. "Mbona umewahi?" mume akamuuliza kutoka kitandani. "Umepita njia ipi?" Homa ilikuwa kali, lakini mikono ilipata nguvu ya kumfika shingoni. Alipomwachia alilia machozi, akasema, "Ona unachonifanya nifanye." Kesho yake Fundi Pindo alijishonea kitambaa cha shingo, cha zambarau, chenye ukingo mwembamba. Kabla juma halijaisha wateja watatu walikuja kuagiza cha aina ile ile. Kikawa mtindo.

Na yeye mwenyewe, ungemuuliza, angekwambia kwamba hapigwi. Kupigwa kulikuwa kwa jirani wa nyuma, ambako masufuria yaliruka na mtaa wote ukasikia. Kwake hakuna sufuria iliyowahi kuruka. Alimwonea huruma yule jirani.

Basi ikatokea siku muuguzi mmoja, mwanamke wa makamo mwenye sauti nzito, alileta sare zake mpya zipunguzwe. Akapanda kwenye kigoda, akasimama wima, Fundi Pindo akapiga magoti chini yake na pini kumi na moja mdomoni, akaanza kuzunguka pindo. Kwa juu muuguzi alikuwa anaona vizuri kile ambacho kitambaa cha zambarau kilitakiwa kuficha, kwa sababu vitambaa vya shingo hushonwa kwa ajili ya wanaokuangalia mbele.

"Fundi," alisema polepole, macho yake dirishani, "usinijibu kwa mdomo, utameza pini. Tikisa kichwa tu. Yule bwana anakuleta na kukurudisha kila siku?"

Kichwa kikakubali, tena kwa fahari kidogo.

"Ukitaka kutoka peke yako, hata kwenda kununua chumvi, unaweza?"

Kichwa kikakataa.

"Simu yako anaisoma?"

Kikakubali.

"Saa kumi na moja ikikaribia, kabla hujamwona mlangoni, unaanza kujiuliza leo umekosa nini?"

Mkono uliokuwa unachoma pini ukasimama.

"Amewahi kukushika shingo?"

Fundi Pindo alianza kutoa pini mdomoni, moja moja, na kuzichomeka kwenye kile kimto kilichofungwa kwenye kifundo cha mkono wake. Zote kumi na moja. Alichukua muda wake.

"Mara mbili," alisema. "Lakini hanipigi."

"Hakupigi."

"Hapana, dada. Hata sauti hapandishi."

Muuguzi akashuka kwenye kigoda, sare yake upande mmoja magotini, upande mwingine kwenye vifundo vya miguu, na katika hali hiyo akasema maneno mazito kuliko aliyowahi kusikia Fundi Pindo kanisani au shuleni. "Sikia, mdogo wangu. Mimi hapo zahanati nimewaona wa masufuria na nimewaona wa kimya. Kofi linanikasirisha. Shingo inanitisha. Anayeshika shingo leo ameonja kitu, na mara nyingi atarudi kukionja tena. Na siku anayogundua kwamba unaondoka, hiyo ndiyo siku mbaya kuliko zote. Kwa hiyo humwambii. Humtishii. Huondoki kwa hasira na ndala mkononi. Unapanga, na hupangi peke yako. Kuna afisa wa ustawi wa jamii namfahamu, hiyo ndiyo kazi yake. Wana nyumba ambayo hata mimi sijui ilipo. Simu yako usiitumie."

"Atatumia yangu," ilisema sauti kutoka meza ya kukatia. Bi Mkasi alikuwa amesimama pale, mkasi wazi mkononi, kitambaa cha watu amekikata kombo kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini. "Miaka tisa namkaribisha kiti yule mtu. Nimewasema wakwe zangu wote wawili kwa mfano wake! Kumbe nilikuwa nawasema wanaume wa watu bure."

Mzee mshona suruali wa duka lile, ambaye wote walimwita Babu Suruali na ambaye alijifanya kiziwi kila inapomfaa, aliendelea kukanyaga cherehani yake. Ila haikuwa na uzi.

Fundi Pindo hakuamua siku ile. Mtu haamki akavua bahati yake kama shati. Aliomba kwanza amsikie shangazi yake, aliyemlea, na hilo ndilo lilikuwa kosa lake, maana alitaka ruhusa kutoka kwa mtu ambaye hakuwahi kuiomba yeye mwenyewe. Alimpigia kwa simu ya Bi Mkasi.

"Kwani amekufanya nini?" shangazi akauliza.

Fundi Pindo akatafuta neno la kuanzia, akalikamata lililokuwa karibu. "Ananisindikiza, shangazi."

"Anakusindikiza!" Shangazi alicheka mpaka Babu Suruali akageuka. "Uwii, mwanangu! Marehemu mume wangu hata siku ya harusi yetu alitangulia. Anakusindikiza! Nenda nyumbani ukapige magoti ushukuru." Fundi Pindo akataja kidole. "Kidole? Kidole kitapona. Mwanamume mwenye kazi na mwavuli unamwacha umpe nani?"

Na kwa kuwa alikuwa mwanamke mwenye mapenzi ya kweli, shangazi hakuishia hapo. Mchana ule ule alimpigia mkwe wake ili ayatengeneze mambo mapema, kabla hayajaharibika.

Bwana Mwavuli alimrudisha mkewe nyumbani siku hiyo taratibu kuliko siku zote. Alimshika kiwiko kwenye kila shimo. Walipofika alifunga mlango, akakunja mwavuli, akautundika, akasema, "Nimesikia unachoka kusindikizwa."

Hakumgusa. Alimwambia tu kwamba amefikiria, na ameona kosa ni lake. Kwa nini mkewe ateseke na barabara? Mwezi ukiisha ataacha kazi kwa Bi Mkasi. Atamnunulia cherehani yake, akae nayo ndani, chumba cha nyuma, kile chenye dirisha dogo, na wateja watapitia kwake yeye. Tena nguo zake zote zinaonyesha mwili. Shingo ziko wazi, mikono mifupi. Azipeleke zikarekebishwe zote kabla hajaacha, na zisizorekebishika zikatwe matambara.

Habari ya cherehani iliuzunguka mtaa kabla ya jua kuzama. "Anamnunulia mashine!" wanawake wakasema. "Wengine wamezaliwa na nyota." Fundi Pindo alilala usiku ule akikipima kile chumba cha nyuma kwa akili, futi kwa futi, kama fundi anavyopima, na akaona kwamba akiingia humo hatatoka. Asubuhi alipoketi kwenye cherehani yake alimwambia Bi Mkasi neno moja: "Mpigie."

Afisa wa ustawi alikuwa msichana tu, mwenye begi la mgongoni kama la mwanafunzi, lakini alipokuja kujifanya mteja na kupimwa kiuno alikuwa ameshafanya kazi hiyo mara nyingi. Aliuliza maswali machache. Mume yuko wapi saa ngapi? Fundi Pindo akajibu: siku ya mwisho ya mwezi wasoma mita wote hupeleka daftari zao makao makuu, kuanzia saa nne mpaka saa nane, na mkubwa wao hamruhusu mtu kutoka. "Basi ni siku hiyo," afisa akasema. Mwalimu mkuu wa shule ya mtoto ataonwa. Dawati la jinsia la polisi litaarifiwa. Kilichobaki ni nguo chache na vyeti: cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kadi ya kliniki, kitambulisho cha mama. "Ukishindwa kuvipata, acha. Vyeti hutafutwa vingine. Wewe hatutafuti mwingine."

Zilibaki siku kumi na tisa.

Nguo hazikuwa taabu hata kidogo, na hapa ndipo mtu unapomshukuru adui yako kwa bidii yake. Kila asubuhi Bwana Mwavuli alichagua mwenyewe kabatini magauni mawili au matatu yenye aibu, akayatia mfukoni, akayabeba mwenyewe hadi dukani. Jioni alikagua mfuko.

"Lile la bluu?"

"Halikufunikika, mume wangu. Kifua kimekatwa vibaya."

"Ulikate."

"Limekatwa."

Akaridhika. Akapeleka na ya mtoto, yaliyohitaji kuongezwa urefu. Kila lililo"katwa" lilikunjwa likaingia rafu ya juu, kwenye mfuko ambao Bi Mkasi aliuandikia kikaratasi: Harusi Iliyoahirishwa, Msiguse. Kwa majuma mawili na nusu Bwana Mwavuli alimhamisha mkewe yeye mwenyewe, kwa mikono yake, chini ya mwavuli wake, huku mtaa ukimsifu.

Vyeti vilikuwa kazi nyingine. Vilikaa kwenye bahasha, bahasha ndani ya droo, funguo shingoni mwa mume. Kila Jumapili asubuhi alivitoa na kuvipanga mezani, akavitazama, akavirudisha. Alikuwa mtu wa kuhesabu. Jumapili ya mwisho Fundi Pindo alikaa pembeni akishona bitana ya koti la mume, lile la kijivu la kuendea makao makuu, ambalo lilikuwa limechanika kwapani. Kwenye kikapu chake cha kazi, chini ya chaki na utepe, kulikuwa na karatasi zile wanazokatia mifano ya nguo, amezikata kwa ukubwa wa vyeti na kuzikunja kwa mikunjo ile ile. Jicho lake halikuhitaji rula.

Alichohitaji ni dakika mbili, nazo zililetwa na jirani wa mbele, mama mmoja aliyekuwa akigombana na mita yake tangu mwaka ulipoanza.

"Hodi! Bwana Mita! Hii hesabu ya mwezi huu nimeogeshea tembo?"

Bwana Mwavuli alipenda kuulizwa. Akatoka nje ya mlango kueleza jinsi gurudumu la mita linavyozunguka, na akalieleza kwa ukamilifu. Aliporudi bahasha ilikuwa imefungwa mezani, nene vile vile. Aliipima kwa kiganja, akaifungia. Mkewe alikuwa ameinama kwenye bitana, na sindano haikutetemeka, maana mikono ya fundi hujifunza kusema uongo kabla ya uso.

Kila mahali pengine palikaguliwa: mfuko wake, kikapu chake, hata viatu. Koti la mume hakuna aliyelikagua. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Hawasemi anayeishona hiyo nguo ni nani.

Asubuhi ya siku ya mwisho Bwana Mwavuli alilivaa. Akajinyoosha mbele ya kioo, likasikika chakara-chakara kifuani.

"Linalia," alisema.

"Nimetia kitambaa kigumu kipya kifuani, ili lisimame. Makoti ya wakubwa yote hulia hivyo."

Akatembea chumbani mara mbili ili alisikilize. Njiani aliwasalimu watu kwa kuinua mkono ambao haukuwa na haja ya kuinuliwa. Walipofika kizingitini kifungo cha kati, ambacho mkewe alikuwa amekishikiza kwa uzi mmoja tu, kikaanguka na kubingirika hadi miguuni mwa Bi Mkasi.

"Aa, bwana mkubwa!" Bi Mkasi akasema. "Hivyo utaenda kusimama mbele ya wakubwa? Vua. Kapitie mita zako mbili tatu, urudi saa nne kasorobo. Litakuwa tayari."

Akavua. Akaenda. Fundi Pindo akaliweka koti magotini na kuanza kufumua bitana kwa wembe.

Lakini mwanamume mwenye koti linalolia hawezi kukaa nalo mbali. Hata robo saa haikupita, Babu Suruali, aliyekaa karibu na mlango, akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha kifua. Bwana Mwavuli alikuwa anavuka barabara. Bitana ilikuwa wazi, cheti cha mtoto kiko nje, kadi na kitambulisho bado vimo ndani.

Babu Suruali, aliyekuwa hajainuka haraka tangu ujana wake, aliinuka haraka.

"Simama hapo hapo, mwanangu! Usisogee." Akamzuia mlangoni, utepe mkononi. "Umri huu wote nashona suruali, sijaona mtu mwenye mgongo ulionyooka kama wako amevaa suruali iliyokaa namna hii. Nani alikushonea? Adui?"

"Ina nini?"

"Ina nini, anauliza! Geuka. Wenzio huko makao makuu watakuwa wanakuangalia mbele au nyuma?"

Bwana Mwavuli akageuka kuitazama nyuma yake, jambo ambalo si rahisi. Babu akampima kiuno, akasahau, akampima tena. Akampima mguu wa kushoto, akasema ni mrefu kuliko wa kulia, kwamba hiyo ni dalili ya watu wa uongozi. Nyuma yake sindano ya Fundi Pindo ilikuwa inakwenda kama mvua. Alipogeuka mara ya mwisho, mkewe alikuwa amesimama mbele yake ameliinua koti kwa mabega, kifungo mahali pake, bitana imefungwa, na chini ya kitambaa cha zambarau mshipa unapiga.

Akalivaa. Akajinyoosha. Kimya.

"Mbona sasa halilii?"

"Limeshauzoea mwili wako, mume wangu," Fundi Pindo alisema. "Koti nalo hutulia likimjua mwenyewe."

Likampendeza hilo neno. Akaenda zake.

Saa nne na nusu gari dogo lisilo na maandishi lilisimama nyuma, kwenye mlango wa kutolea takataka. Muda huo binti alikuwa tayari ndani, na mwalimu mkuu amempa pipi ili asiulize. Fundi Pindo aliiacha simu yake juu ya cherehani, kama alivyoelekezwa. Kisha akaketi tena.

"Unafanya nini?" Bi Mkasi akanong'ona.

"Pindo la mteja. Imebaki shubiri moja."

"Mwanamke, ondoka! Nitalishona mimi!"

"Wewe pindo lako huonekana," Fundi Pindo akasema, na hapo ndipo wote walipogundua kwamba analia. Bi Mkasi alimnyanyua kwa kwapa, akamkabidhi ule mfuko wa Harusi Iliyoahirishwa, akamsukuma nje.

Saa kumi na moja jioni Bwana Mwavuli alisimama kizingitini. Cherehani ya tatu ilikuwa na simu juu yake. Kwenye kigoda alisimama mwanamke mpana akipimwa sketi, na Bi Mkasi alikuwa ameanza kumpima muda mrefu sana.

"Mke wangu yuko wapi?"

"Ametoka."

"Ametoka na nani?"

"Na miguu yake," Bi Mkasi akajibu.

Mtaa haukuwahi kuisikia sauti ya Bwana Mwavuli ikipanda. Siku hiyo uliisikia kutoka duka la dawa hadi kwa muuza makaa. Aliupiga mwavuli kwenye meza ya kukatia, mara moja, mara mbili, mpaka mwanamke wa kwenye kigoda aliposhuka, akaiokota kofia yake ya polisi chini ya kitambaa, na kumwambia kwa adabu kwamba meza ni ya watu.

Usidhani mtaa ulibadilika. Jioni ile walimpelekea chakula. "Maskini," walisema, "na mashine alikuwa ameshaichagua." Wanawake wa siku hizi hawaridhiki, walisema. Shangazi alikuja kwa basi kumpa pole, akakaa siku mbili. Siku ya pili alichelewa sokoni, na mkwe wake akamuuliza amepita njia ipi. Akamuuliza tena. Akasimama mlangoni akamuuliza mara ya tatu, kwa upole. Shangazi aliondoka na basi la mchana bila kuaga, na kwa muda mrefu hakutaka kusimulia habari za safari ile.

Nyumba aliyopelekwa Fundi Pindo ilikuwa na vyumba vinne, wanawake sita, na watoto wengi kuliko vijiko. Binti aliuliza jambo moja tu: "Hapa dirisha tunaruhusiwa kufungua?" Akalifungua, akalifunga, akalifungua, mpaka wakamwomba apumzike. Asubuhi mlezi wa nyumba alimuuliza Fundi Pindo chai atakunywa saa ngapi. Swali la kawaida. Alisimama katikati ya jiko akalitafuta jibu kama mtu anayetafuta sindano kwenye zulia, na hakulipata mpaka saa nne.

Baada ya mwezi na siku kadhaa shauri lilisikilizwa. Fundi Pindo alikuwa ameomba amri ya mahakama: mume asimkaribie, na mtoto akae naye. Afisa alimkalisha upande wa pili kabisa wa chumba, polisi katikati. Alitoa maelezo yake mwenyewe, kwa sauti ndogo, kidole kilichopinda juu ya meza. Muuguzi naye akatoa ya kwake. Lakini hayo yalikuwa maneno ya watu wawili, na mwanamume aliyeingia baada yao alikuwa amenyoa vizuri, koti la kijivu limepigwa pasi, na barua tatu za majirani mkononi zinazomsifu.

Akazungumza. Alizungumza vizuri sana. Hakimu, mama mtu mzima mwenye miwani iliyoteremka puani, alimsikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza akamuuliza jambo dogo.

"Katika miaka hiyo tisa, mkeo alitoka peke yake lini mara ya mwisho? Kwenda popote."

Bwana Mwavuli alijinyoosha. Hatimaye mtu mwenye akili alikuwa amemuuliza swali la maana.

"Hajatoka, mheshimiwa."

"Hata sokoni?"

"Sokoni nakwenda mimi."

"Kwa ndugu zake?"

"Nakaa naye mpaka amalize maneno. Mheshimiwa, kuna siku moja tu alitembea peke yake, mimi nikiwa mgonjwa, na siku hiyo nilihakikisha hairudiwi tena."

Karani aliinua kichwa, akakiinamisha, akaandika.

"Ulihakikisha vipi?" hakimu akauliza.

Ndipo Bwana Mwavuli akageuka nyuma kuwatazama watu waliokaa kwenye mabenchi, akitafuta uso mmoja wa kuitikia kichwa, kama walivyozoea barabarani. Walikuwa watu wa mashauri mengine, hawakumjua.

Hakimu alisoma amri yake polepole, kifungu kwa kifungu, kama ilivyoombwa, akaitia sahihi. Kisha akamgeukia Fundi Pindo, akamuuliza kama ana la kuongeza.

"Hapana, mheshimiwa," alisema. "Amenimalizia."